Kikundi cha Faili: Amri ya chgrp na Makabidhiano ya Kumbukumbu katika Historia ya Tunduma na Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa rasmi Januari 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yaliwekwa Vwawa, wilayani Mbozi, na ndani yake ziliingia wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, pamoja na mji wa mpakani wa Tunduma. Mara nyingi tukio hilo huelezwa kwa lugha ya mipaka na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 998,862 katika eneo lililokuja kuwa mkoa huo, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 1,344,687. Upande mmoja wa tukio hilo haujapewa uzito unaostahili: mkoa unapogawanyika, kumbukumbu zake nazo hubadili mwenyewe. Hati ya kiwanja cha Tunduma, jalada la mwalimu wa Mlowo, mchoro wa mradi wa maji wa Ileje, vyote vilikuwa chini ya Mbeya na sasa vinapaswa kuwa chini ya Songwe, ingawa hakuna hata herufi moja ndani yake iliyobadilika.

Kwa mafaili ya kompyuta, tendo hilo lina amri yake. Mtu anayetumia Unix au Linux huandika katika mstari wa amri neno chgrp, kisha jina la kikundi kipya, kisha jina la faili. Kufumba na kufumbua, faili lililokuwa la kikundi kimoja linakuwa la kingine. Makala haya yanaichunguza amri hiyo kwa jicho la historia na kuiweka kando ya makabidhiano ya majalada katika masjala za serikali, hasa katika eneo la Songwe ambalo limebadili mamlaka mara nyingi. Inadaiwa hapa kwamba masjala na amri ya chgrp zinafanya kazi moja kwa kanuni zinazokaribiana sana, lakini zinaachana katika jambo lenye uzito mkubwa kwa mwanahistoria. Masjala huandika kwamba jalada limehama na limetoka wapi. Amri huhamisha faili bila kuacha jina la mwenyewe wa kwanza.

2.0 Jalada na masjala

Katika ofisi ya serikali ya Tanzania, jalada si mali ya mtu. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka utawala wa Waingereza, ambamo masjala ilikuwa chombo cha kuhakikisha kwamba bwana shauri anapohamishwa, kumbukumbu haziondoki katika sanduku lake. Barua hupokewa na karani, huandikwa katika rejesta, hupewa namba ya folio na kufungwa ndani ya jalada lenye namba ya ofisi. Ofisa mwenye maoni huandika dokezo, huweka saini, cheo na tarehe, kisha jalada huenda kwa anayefuata. Alama hizo zote hubaki ndani ya jalada lenyewe. Msomaji wa miaka hamsini baadaye analifungua na kuona limepita mikononi mwa nani, kwa agizo la nani na siku gani. Si ajabu kwamba watafiti wa historia za wilaya hujifunza kutoka kwa makarani waliopanga majalada mambo ambayo wakuu wao hawakukusudia kuyasema.

Eneo ambalo leo ni Songwe lina historia ndefu ya kumbukumbu kubadili mwenyewe. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliligawa eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta pande mbili za mpaka. Tangu hapo, habari za ukoo mmoja ziliandikwa katika majalada ya serikali mbili, kwa lugha mbili, na baadaye zikahifadhiwa katika nchi mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na kumbukumbu za Kijerumani zikawa urithi wa serikali ambayo haikuziandika. Baada ya uhuru, majimbo ya kikoloni yalivunjwa na mikoa ikachukua nafasi yake. Sehemu hii ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini ikawa ya Mkoa wa Mbeya.

Mabadiliko ya mwaka 1972 yanafundisha zaidi, kwa kuwa mipaka haikuguswa. Sera ya Madaraka Mikoani ilizifuta halmashauri za wilaya, na kazi zake zikawekwa chini ya wakurugenzi wa maendeleo waliowajibika kwa serikali kuu. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri hizo, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kwa hiyo, jalada la barabara ya kijiji wilayani Mbozi lililofunguliwa na halmashauri mwaka 1968 lingekuwa chini ya mamlaka nyingine kwa takribani miaka kumi na miwili, kisha likarudi kwa halmashauri iliyofanana na ile ya kwanza kwa jina lakini ikiwa na sheria mpya. Kabati linaweza kuwa lile lile, na hata karani akawa yule yule. Kilichobadilika ni nani ana haki ya kulifungua, kuandika ndani yake na kulifunga. Hivyo ndivyo kubadili kikundi cha faili kulivyo: faili haliguswi, ila duara la watu wenye ruhusa juu yake ndilo linalohama.

Migawanyiko iliyofuata ilikuwa ya mipaka. Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Wilaya ya Songwe ikamegwa kutoka Chunya. Mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa ulipoanzishwa, Tume ya Utumishi wa Walimu nayo ilianza kazi, hivyo jalada la mwalimu wa eneo hili lilikabiliwa na mabadiliko mawili kwa pamoja: la mkoa na la chombo kinachosimamia utumishi wake. Kwa mwalimu anayekaribia kustaafu, hilo si jambo la nadharia. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa daraja ndizo zinazobeba hesabu ya mafao yake, na barua iliyobaki katika jalada la ofisi aliyokwisha kutoka ni barua ambayo atasafiri kuitafuta.

Kwa masharti ya masjala, makabidhiano ya namna hiyo yanahitaji orodha ya majalada, hati ya makabidhiano yenye saini za pande zote mbili, na namba mpya isiyofuta ya zamani. Jalada lililobadilishwa namba huandikwa ile ya awali juu ya jalio lake. Usimamizi wa jambo hili kitaifa uko chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyowekwa na Sheria Namba 3 ya mwaka 2002.

3.0 Kikundi katika Unix

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kitabu chake cha kwanza cha mwongozo kina tarehe 3 Novemba 1971. Ni vema kukumbuka kwamba watumiaji wa kwanza walioupa mfumo huo kazi ya kweli hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza ya maabara hizo, waliohitaji kuandaa maombi ya hataza. Kwa maneno mengine, mfumo unaosemwa kuwa wa mafundi ulipata riziki yake ya kwanza katika ofisi ya makaratasi.

Katika toleo hilo la kwanza, ruhusa za faili ziligawanya ulimwengu sehemu mbili: mwenye faili na watu wengine wote. Kikundi kiliongezwa baadaye, na kufikia toleo la saba la mwaka 1979 mwongozo uliziweka amri za chown na chgrp katika ukurasa mmoja, ya kwanza ikibadili mmiliki na ya pili kikundi. Nyongeza hiyo yaonekana ndogo, lakini iliingiza katika mashine wazo ambalo masjala ilikuwa nalo zamani, kwamba kati ya mtu mmoja na umma wote kuna ofisi.

Makala ya Ritchie na Thompson yaliyoutambulisha mfumo huo kwa wasomi wengi yalichapishwa Julai 1974. Mwaka huo huo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tunduma ya wakati huo ilikuwa ikiitazama reli ya TAZARA ikivuka kuingia Zambia, na barua za ofisi zake zilipigwa chapa kwa nakala za kaboni. Ilichukua miaka mingi kabla wazo la kikundi cha faili kufika mpakani, na lilipofika lilipitia forodha. Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996, ilitumia ASYCUDA++, programu ya forodha iliyotengenezwa na chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo kwa ajili ya seva za Unix, kabla ya kuhamia TANCIS kuanzia mwaka 2014. Jina chgrp lenyewe halikuwahi kupata tafsiri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitafsiri menyu na vitufe; mstari wa amri ulibaki na vifupisho vyake vya Kiingereza, ambavyo hata Waingereza huvisoma kwa taabu.

Kanuni zenyewe ni chache. Kila faili lina mmiliki mmoja na kikundi kimoja. Amri ya ls -l huonyesha majina hayo mawili pamoja na ruhusa katika mafungu matatu: la mmiliki, la kikundi na la wengine. Faili lenye ruhusa za rw-r----- linaweza kusomwa na kuandikwa na mmiliki, kusomwa na wanakikundi, na kwa wengine limefungwa kabisa. Mtu akiandika chgrp songwe ramani.txt, ruhusa hizo zinabaki zilivyo, isipokuwa sasa fungu la pili linawahusu watu wa kikundi cha songwe. Ofisa wa mbeya ambaye jana alisoma faili hilo kwa haki ya kikundi chake leo anahesabiwa miongoni mwa wengine, na mlango wake umefungwa bila yeye kuarifiwa.

Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilimruhusu mtu mmoja kuwa mwanachama wa vikundi vingi kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo ilimlazimu kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kwa amri ya newgrp, kama mtu anayevua joho la ofisi moja ili avae la nyingine. Faili halikupewa uhuru huo. Mtu ana vikundi vingi, faili lina kimoja. Mwanahistoria wa Tunduma hahitaji maelezo marefu kuielewa hali hiyo, kwa sababu ndiyo ya Mnyamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka na cheti cha kuzaliwa cha upande mmoja tu.

Swali la nani anaweza kubadili kikundi lilizua mvutano. Katika toleo la saba, amri hiyo ilikuwa mikononi mwa mtumiaji mkuu, anayeitwa root. Mfumo wa System V ulimruhusu mwenye faili kulitoa kwa amtakaye. Tawi la BSD lilikuwa na tahadhari zaidi: mwenye faili aweza kubadili kikundi chake, lakini tu kwenda katika kikundi ambacho yeye mwenyewe ni mwanachama. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kiliziruhusu njia zote mbili, na Linux ikafuata njia ya tahadhari. Sababu mojawapo ya tahadhari hiyo ni ya kihasibu: pale nafasi ya diski inapogawiwa kwa kipimo, anayeweza kugawa mafaili yake ovyo anaweza kuwatwisha wengine mzigo wake.

Kanuni hiyo ya uanachama inastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana inaeleza jambo ambalo historia za uundwaji wa mikoa hulipita haraka. Ofisa aliye katika kikundi cha mbeya peke yake hawezi kulikabidhi faili lake kwa songwe. Ofisa wa songwe asiyekuwa mmiliki wa faili hawezi kulichukua. Njia ziko mbili. Ama awepo mtu aliyemo katika vikundi vyote viwili, mmiliki wa faili ambaye amekwisha kupokelewa huko bila kuondolewa huku, ama mtumiaji mkuu aamuru kutoka juu. Utawala wa umma una watu wa aina ya kwanza: ofisa aliyehamishiwa mkoa mpya ambaye bado ana kazi zisizokamilika katika mkoa wa zamani. Kazi ya mpito huwaangukia watu hao, na majina yao hayaonekani katika tangazo lolote la serikali. Tena, mkoa huweza kuwapo kabla ya watu wake. Songwe ilianzishwa Januari, ilhali Mkuu wa Mkoa wake wa kwanza, Chiku Gallawa, aliteuliwa Machi 2016. Katika faili la /etc/group, mstari wa namna hiyo huandikwa hivi: jina la kikundi, namba yake, kisha nafasi tupu mahali pa wanachama.

Kuna mahali ambapo Unix inaachana na masjala tangu mwanzo. Hata baada ya kikundi kubadilishwa, mmiliki anabaki yule yule, na mmiliki ni mtu, si ofisi. Karani aliyeunda faili akiwa Mbeya anaendelea kuwa na uwezo wa kubadili ruhusa zake ingawa kikundi ni songwe. Masjala isingekubali jambo hilo. Njia ya kulipunguza ni kuliwekea saraka alama ya setgid, ili kila faili linaloundwa ndani yake lichukue kikundi cha saraka, si cha aliyeliunda. Hapa pia matawi yalitofautiana: BSD ilifanya hivyo daima, System V ililipa faili kikundi cha muundaji wake. Ni sawa na tofauti kati ya jamii inayomhesabu mtoto katika ukoo wa baba yake na ile inayomhesabu katika nyumba alimozaliwa. Masjala ipo upande wa nyumba. Barua huchukua namba ya jalada inamofungwa, hata iwe imeandikwa na nani.

4.0 Uhamisho bila dokezo

Faili la Unix lina kadi yake ya ndani, iitwayo inodi, inayohifadhi namba ya mmiliki, namba ya kikundi, ruhusa, ukubwa na nyakati. Amri ya chgrp inapotekelezwa, namba ya kikundi cha zamani hufutwa na mpya huandikwa mahali pake. Wakati wa kubadilishwa kwa maudhui haubadiliki, kwa kuwa maudhui hayajaguswa. Unaobadilika ni ule uitwao ctime, wakati wa mwisho kadi yenyewe iliporekebishwa. Mtafiti akiuona anajua kwamba siku fulani jambo fulani lilifanyika kwenye kadi. Hajui kama ni kikundi kilichobadilishwa au ruhusa, hajui nani alifanya, wala kikundi cha awali kilikuwa kipi. Badiliko lolote litakalofuata litaifuta hata tarehe hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukiwekwa kando ya kanuni kuu ya taaluma ya nyaraka, kwamba kumbukumbu haziwezi kueleweka zikitenganishwa na ofisi iliyozizalisha. Ripoti ya afya ya Tunduma ya mwaka 2009 iliandikwa Momba ikiwa bado ndani ya Mbozi, kwa ajili ya mkoa ulioitwa Mbeya, kwa vipaumbele vya Mbeya. Ikihamishiwa kikundi cha songwe bila alama, msomaji wa baadaye ataikuta kana kwamba iliandikwa na mkoa ambao wakati huo haukuwapo. Atajiuliza kwa nini mkoa huo uliihesabu Tunduma kama pembezoni, wakati Tunduma ndio mji wake mkubwa wa biashara. Jibu ni kwamba aliyeandika alikuwa akitazama kutoka Mbeya mjini, na kadi ya faili haikulihifadhi jibu hilo.

Tatizo linakuwa zito zaidi mabadiliko yanapofanywa kwa mkupuo. Chaguo la -R huifanya amri ishuke katika saraka yote na matawi yake. Saraka zikiwa zimepangwa kwa wilaya, amri moja juu ya saraka ya mbozi inatosha. Lakini ofisi nyingi hupanga kumbukumbu kwa mada: ardhi, elimu, maji, kilimo. Hapo wilaya zimechanganyika, na ufagio wa -R hauwezi kutenganisha Ileje na Rungwe. Kuna pia mafaili yasiyogawanyika. Mpango wa kahawa uliohusu Mbozi, Rungwe na Mbeya Vijijini kwa pamoja hauwezi kukatwa vipande. Kulipa faili kama hilo jina la pili katika saraka ya songwe hakusaidii, kwa kuwa majina yote mawili yanaelekeza kwenye inodi moja, na inodi moja ina kikundi kimoja: ukilibadili kwa jina hili, limebadilika kwa jina lile. Busara ya watunza nyaraka ni kwamba jalada la pamoja hubaki kwa ofisi mama na ofisi mpya hupewa nakala. Kwa kanuni hiyo, sehemu kubwa ya historia ya Songwe ya miaka hamsini ya kwanza ya uhuru itaendelea kusomwa Mbeya, na mwanafunzi wa Vwawa anayeandika tasnifu juu ya wilaya yake atalipa nauli ya kwenda huko.

Hata hivyo, si kweli kwamba mstari wa amri hauna njia ya kuandika dokezo. Programu ya chgrp ya mradi wa GNU ina chaguo la -v, linaloifanya itaje kila faili pamoja na kikundi lilikotoka na kilikokwenda, na chaguo la -c, linalotaja yale tu yaliyobadilika. Taarifa hiyo hutokea kwenye kioo na kupotea, isipokuwa ikielekezwa kwenye faili. Amri ya chgrp -Rv songwe mbozi > makabidhiano.txt huhamisha saraka na papo hapo huandika orodha yenye mbeya upande mmoja na songwe upande wa pili. Ikitiwa tarehe na saini za pande zote mbili, orodha hiyo inakaribia sana hati ya makabidhiano ya masjala. Mfumo wa ukaguzi wa Linux nao unaweza kuagizwa kurekodi kila mabadiliko ya umiliki pamoja na mtu aliyeyafanya. Vyote viwili vinahitaji mtu aliyefikiri kabla ya kubonyeza kitufe. Masjala ilimlazimisha karani kuandika hata kama hakufikiri, na huo ndio uliokuwa ubora wake, pamoja na vumbi lake lote.

5.0 Namba isiyo na jina

Jambo jingine linahusu kile hasa kinachoandikwa katika inodi. Si jina la kikundi, ni namba. Neno songwe linaloonekana kwa ls -l husomwa kutoka /etc/group, ambako kila namba ina jina lake. Mstari huo ukifutwa, faili linabaki na namba tupu, tuseme 1026, na amri ya ls huionyesha namba hiyo peke yake. Namba hiyo ikigawiwa kikundi kingine baadaye, kikundi hicho kinarithi mafaili ambayo hakikuyajua. Diski ikichomolewa na kupachikwa kwenye mashine ya ofisi nyingine, 1026 ya huko yaweza kuwa idara tofauti kabisa. Kumbukumbu za bunda la tar huhifadhi jina pamoja na namba, na rsync kwa kawaida hulinganisha majina; matoleo ya zamani ya mfumo wa NFS wa kushirikiana mafaili mtandaoni hutuma namba tu na kuamini kwamba mashine zote zinakubaliana.

Masjala inaujua ugonjwa huu. Namba ya jalada ya kikoloni ni bubu mpaka ipatikane orodha ya vifungu iliyoonyesha kila tarakimu ilimaanisha nini. Nyaraka zikihifadhiwa na orodha ikapotea, kinachobaki ni karatasi nyingi zilizopangwa vizuri kwa utaratibu ambao hakuna anayeujua. Kwa sababu hiyo, faili dogo la /etc/group, ambalo mafundi hulihesabu kuwa la usanidi tu, lastahili kuwekwa pamoja na nyaraka za kudumu kila seva ya ofisi inapostaafishwa, pamoja na tarehe za kuanza na kukoma kwa kila kikundi.

6.0 Paa moja, serikali mbili

Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde. Kabla yake, lori lilisimama mara mbili, kwanza kwa kutoka na tena kwa kuingia. Kwa utaratibu mpya, husimama upande wa nchi linakoingia tu. Lori la kutoka Dar es Salaam kwenda Lusaka au Lubumbashi hukamilisha taratibu za nchi zote mbili Nakonde, na linalokuja Tanzania hukamilisha Tunduma. Maofisa wa Tanzania hukaa katika jengo lililo katika ardhi ya Zambia, na wa Zambia katika jengo lililo katika ardhi ya Tanzania, kila mmoja akitekeleza sheria ya kwao ndani ya eneo lililotengwa.

Kwa watu, basi, mpaka ulilegezwa. Kwa mafaili haukulegezwa. Forodha ya Tanzania ilikuwa ikitumia TANCIS, ya Zambia ASYCUDA World, na shehena ile ile ikaandikwa katika mifumo miwili na watu waliokaa meza zinazotazamana. Hakuna kikundi ambacho wote wawili ni wanachama, wala hakuna mtumiaji mkuu juu ya serikali mbili anayeweza kukiunda. Kwa upande wa ufundi, kikwazo cha kikundi kimoja kwa faili moja kilikwisha kupatiwa njia: orodha za ruhusa zilizoingia katika Linux kupitia toleo la 2.6 la mwaka 2003 huruhusu faili moja kutaja vikundi kadhaa, kila kimoja na ruhusa zake, bila kugusa kikundi cha awali. Kwa njia hiyo, mbeya ingeweza kubaki kikundi cha faili na songwe ikaongezwa kama msomaji, na asili isipotee. Lakini orodha hiyo huandikwa na mwenye mashine, na mpakani swali la mashine ni ya nani hutangulia swali la ruhusa.

Ndiyo maana atakayeandika historia ya biashara ya Tunduma baada ya mwaka 2019 atalazimika kufanya kama afanyavyo anayeandika historia ya Wanyamwanga baada ya mwaka 1890. Ataomba kibali cha utafiti Dar es Salaam, ataomba kingine Lusaka, na ataweka kumbukumbu mbili za lori moja juu ya meza moja ili aone kama saa, uzito na thamani vinakubaliana.